Wastani Haumvushi Mtu Mto: Kuwafundisha Watoto wa Sekondari Msingi Takwimu kwa Hadithi na Safari

Haya ni maneno ya mazungumzo kwa wazazi, walimu na wanakamati wa shule. Yanachapishwa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Kuna kisa kinachosimuliwa sehemu nyingi za dunia. Msafiri alifika ukingoni mwa mto asioujua. Akamkuta mtu ameketi na daftari, akamwuliza, "Ndugu yangu, mto huu una kina gani?" Yule mtu akapekua daftari lake, akajibu, "Wastani wa kina chake ni sentimita 100." Msafiri alikuwa na kimo cha sentimita 170. Akakunja suruali, akaingia majini. Hakufika ng'ambo.

Mwulize mtoto wa Gredi ya 7 ni nani aliyekosea. Atasema mwenye daftari alidanganya. Basi mwonyeshe daftari lenyewe. Kina kilipimwa mahali pa tano: sentimita 30, 40, 50, 60 na 320. Mwambie ajumlishe. Atapata 500. Mwambie agawe kwa 5. Atapata 100. Mwenye daftari hakudanganya, na hesabu yake ni sahihi kabisa. Lakini katika sehemu zote tano hakuna hata moja yenye kina cha sentimita 100, na msafiri alizama katika ile ya tano.

Mtoto aliyekisikia kisa hicho hatasahau wastani ni nini, na hatasahau wastani hauwezi kufanya nini. Hicho ndicho kiini cha mazungumzo ya leo: takwimu za mwanzo humwingia mtoto vizuri zikija na hadithi, na hasa hadithi za safari, kuliko zikija kama kanuni ya kukariri ubaoni.

Kwa nini jambo hili linahusu kaunti

Huenda mzazi akauliza kwa nini gazeti la kaunti linajishughulisha na Hisabati ya Sekondari Msingi. Ni swali la haki. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeiachia serikali ya kitaifa shule za msingi na za sekondari. Kaunti imepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya kulelea watoto. Walimu wa Gredi ya 7, 8 na 9 huajiriwa na kusimamiwa na taifa.

Hata hivyo, Kifungu cha 196 cha Katiba hiyo hiyo kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Kifungu cha 201 kinataka ushirikishwaji wa umma katika mambo ya fedha. Kila mwaka wakazi huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti. Wanaokuja husomewa namba: idadi ya kaya, umbali wa maji, asilimia ya miradi iliyokamilika. Wengi huinamisha vichwa mpaka namba ziishe, kisha huinua mikono kuuliza habari ya barabara. Mtoto aliye Gredi ya 7 leo atakuwa mpiga kura baada ya miaka michache. Akijua kuzihoji namba, baraza litakuwa na mtu mmoja zaidi wa kuuliza swali linalofaa.

Nafasi ya kumfundisha ipo. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 7 mwezi Januari 2023, na Hisabati ya Sekondari Msingi ina sehemu nzima ya data: kukusanya, kupanga katika jedwali, kuchora grafu na kuzisoma. Kilichobaki ni kuipa sehemu hiyo nyama na damu.

Safari ya kwanza: Malindi hadi India, na kurudi

Watoto wengi wa Pwani wameiona nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, au wameiona kwenye picha. Mwalimu anaweza kuanzia hapo. Mreno huyo alitia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498. Mtawala wa mji alimpa rubani anayeijua bahari. Tarehe 24 Aprili waling'oa nanga, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, pwani ya India. Darasa lihesabu siku: ni 26.

Sasa safari ya kurudi. Waliondoka kwenye kisiwa kimoja cha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba 1498, wakaingia Malindi tarehe 7 Januari 1499. Darasa lihesabu tena: ni miezi mitatu na siku chache, takriban siku 94. Mabaharia wengi walikufa njiani kwa kiseyeye, ugonjwa unaowapata watu wanaokosa matunda na mboga kwa muda mrefu. Walipofika Malindi waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Muda mfupi baadaye waliichoma moto mojawapo ya meli zao, São Rafael, kwa sababu hawakubaki watu wa kutosha kuziendesha zote.

Mwalimu aulize: wastani wa safari hizo mbili ni siku ngapi? 26 na 94 ni 120, ukigawa kwa 2 ni 60. Kisha aulize swali la pili: nahodha anayejiandaa kwa safari ya siku 60, akapakia maji na chakula cha siku 60, atafikaje akisafiri msimu ule wa Oktoba? Darasa litanyamaza kidogo, kisha mtoto mmoja atasema, "Watakufa njaa, mwalimu."

Swali la tatu ndilo kubwa: kwa nini bahari ni ile ile na siku zimetofautiana hivyo? Hapo mtoto wa mvuvi anaweza kumfundisha mwalimu. Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi, upepo unaokisukuma chombo kuelekea kaskazini na mashariki. Kuanzia Novemba hadi Machi huvuma kaskazi, unaokirudisha chombo Afrika. Da Gama alikwenda na kusi. Aliporudi hakusubiri kaskazi, akakumbana na bahari shwari na pepo za mbisho. Mabaharia wa majahazi walilijua jambo hilo karne nyingi kabla yake. Wao hawakuchanganya safari za misimu miwili katika wastani mmoja. Walizitenga, wakajua siku za kusi na siku za kaskazi.

Somo la takwimu liko hapo hapo. Kabla ya kutafuta wastani, uliza kama vitu unavyovijumlisha ni vya aina moja. Na mtoto mwerevu ataongeza kwamba safari mbili ni chache mno kutoa hukumu. Huyo apigiwe makofi.

Safari ya pili: stejini

Si lazima safari iwe ya kuvuka bahari. Kila asubuhi watoto hutembea, hupanda bodaboda, matatu au tuktuk. Chukua mfano wa darasani wa mtoto aliyeandika dakika alizosubiri matatu kwa siku tano: 5, 7, 8, 10 na 60. Siku ya tano ilinyesha, magari yakapita yamejaa. Jumla ni dakika 90, na wastani ni 18.

Je, mtoto huyu husubiri dakika 18? Hajawahi. Siku nne alisubiri dakika 10 au chini yake, siku moja alisubiri saa nzima. Ukizipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, ile iliyo katikati ni 8. Namba hiyo ya katikati ndiyo vitabu huiita mediani. Hiyo ndiyo inayosema ukweli wa siku ya kawaida. Lakini zile dakika 60 zisifutwe. Mama anayejua kwamba siku ya mvua mtoto hukaa stejini saa nzima atampa mwavuli na kumwambia atoke mapema.

Kuna namba ya tatu, modi, ambayo ni ile inayojirudia mara nyingi zaidi. Hii muuza viatu vya mtumba anaijua bila kufundishwa. Hatafuti wastani wa namba za miguu ya wateja wake. Anaangalia namba inayoulizwa sana, na hiyo ndiyo anayoitafuta sokoni alfajiri. Mpeleke mtoto akamwulize. Atarudi na somo zima la modi.

Treni nayo ni mwalimu. Tangu mwaka 2017 Madaraka Express imekuwa ikisafirisha abiria kati ya Mombasa na Nairobi. Ile inayosimama njiani hupita Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Mtoto akichora grafu, saa chini na kilomita pembeni, mstari hupanda treni inapokwenda na hulala treni inaposimama. Mwulize mahali mstari ulipolala abiria walikuwa wakifanya nini. Atakuambia wengine wanashuka Voi na mizigo yao. Siku hiyo ameisoma grafu kama anavyosoma hadithi.

Hadithi ya daktari na pampu

Watoto wa umri wa miaka 12 hadi 14 hupenda visa vya upelelezi. Basi wasimulieni kisa cha London, mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho. Zaidi ya watu 600 walikufa. Wakati huo wakubwa wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu yenye uvundo. Daktari mmoja, John Snow, alishuku maji.

Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza nani amekufa na alikunywa maji ya wapi. Vifo aliviweka kwenye ramani, kila kifo kistari kimoja. Vistari vilirundikana karibu na pampu ya Broad Street. Lakini karibu na pampu palikuwa na kiwanda cha pombe ambacho wafanyakazi wake hawakufa. Kwa nini? Walikunywa pombe na walikuwa na kisima chao. Na mbali kabisa, huko Hampstead, alikufa mama mmoja mjane ambaye hakufika Soho. Kwa nini? Alipenda ladha ya maji ya Broad Street, na alikuwa akiletewa chupa yake kwa gari. Mpwa wake aliyeyanywa naye alikufa.

Hapo mtoto hujifunza jambo ambalo watu wazima hulisahau: aliye mbali na wenzake kwenye ramani au kwenye orodha asifutwe haraka. Mama wa Hampstead alionekana kama kosa katika hesabu. Alipoulizwa habari zake, akawa ndiye shahidi mkubwa.

Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu uliondolewa. Mwalimu mwaminifu atamaliza kisa kwa ukweli wote. Kufikia siku hiyo vifo vilikuwa vimeanza kupungua, kwani watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Snow mwenyewe alikiri hivyo. Basi je, ni mpini uliookoa watu, au walikuwa wamekwisha kuondoka? Liacheni darasa libishane. Kaunti za Pwani zinakijua kipindupindu, na mtoto atakayesema nyumbani "mama, tuchemshe maji" kwa sababu anajua kisa hiki ameelewa zaidi ya aliyeambiwa tu.

Hadithi ya sensa

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 Kenya ilihesabiwa. Ilipatikana jumla ya watu 47,564,296. Wastani wa watu katika kaya moja ulikuwa 3.9. Mwulize mtoto atafute nyumba yenye watu 3.9. Atacheka. Kisha ahesabu nyumba kumi za jirani, aone ngapi zina watu wawili na ngapi zina tisa.

Kwa kaunti sita za Pwani, hesabu ilikuwa hivi: Kilifi 1,453,787, Mombasa 1,208,333, Kwale 866,820, Taita Taveta 340,671, Tana River 315,943 na Lamu 143,920. Jumla ni watu 4,329,474. Ukigawa kwa 6 unapata kama 721,579 kwa kila kaunti, namba ambayo haifanani na kaunti yoyote kati ya hizo sita. Na bado hujauliza habari ya ardhi. Katika kilomita moja ya mraba Mombasa ilikuwa na watu 5,495, Tana River ilikuwa na 8. Mtoto akiona hivyo ataelewa kwa nini zahanati moja inaweza kuwa karibu na watu maelfu mahali pamoja, na mahali pengine ikawa safari ya siku nzima.

Kijiji cha tano

Sasa mrudi kwenye mto wa mwanzo. Chukua mfano mwingine wa darasani, wa vijiji vitano vyenye idadi sawa ya nyumba. Umbali wa kwenda kuteka maji ni nusu kilomita, nusu kilomita, kilomita 1, kilomita 1 na kilomita 7. Jumla ni kilomita 10, na wastani ni 2. Ripoti itaandika: "Wakazi hutembea wastani wa kilomita 2 kufuata maji." Si uongo. Wanaosikiliza wataona hali si mbaya sana, watageukia jambo lingine.

Lakini katika kijiji cha tano kuna mama anayetembea kilomita 7 kwenda na 7 kurudi, na ndoo kichwani. Huenda binti yake wa Gredi ya 8 hufika darasani saa nne. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haikupewa wastani. Ilipewa kila mtu, na yeye ni mmoja wao.

Katika baraza, wa kumtetea mama huyo ni yule atakayeinua mkono na kuuliza maswali matatu. La kwanza: umbali mdogo kabisa ni upi na mkubwa kabisa ni upi? La pili: namba ya katikati ni ipi? La tatu: ni nyumba ngapi ziko katika kila kijiji, na nani alipima? Maswali hayo hayahitaji shahada. Yako ndani ya Hisabati ya Sekondari Msingi, na afisa anayeleta ripoti anapaswa kuja na majibu yake.

Adabu ya kukusanya habari

Watoto wakitumwa kuuliza watu, wafundishwe adabu kwanza. Wabishe hodi, wasalimie, waeleze wametoka shule gani na wanauliza nini. Mtu akikataa, wamshukuru na kuondoka. Baadhi ya wazee hawapendi watoto wa nyumba yao wahesabiwe kwa kidole, na mtoto asilazimishe. Amwachie mzee aseme mwenyewe idadi anayotaka kusema. Majina ya watu yasiandikwe kwenye jedwali, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu, na heshima ilikuwepo kabla ya sheria. Mtoto asiulize habari za ugonjwa wala mapato. Na asibuni namba ili jedwali lijae. Nafasi tupu ni bora kuliko namba ya uongo.

Kazi ya nyumbani kwa wazazi

Mzazi asiyejiona hodari wa hesabu anaweza kusaidia kwa njia hizi:

Mpe mtoto daftari moja la safari. Kila siku aandike saa aliyotoka, saa aliyofika na nauli iliyolipwa. Baada ya wiki mbili atakuwa na data yake mwenyewe.

Mkienda mjini au kijijini kwa wazee, mwambie achague kitu kimoja cha kuhesabu njiani: matangi ya maji, shule, au madaraja. Mkifika akusimulie aliyoyaona kwa namba.

Mwombe babu au nyanya asimulie safari moja ya zamani: walitembea siku ngapi, walilala wapi, walibeba nini. Mtoto alinganishe na safari ya leo.

Mkisikia namba redioni, mwulize, "Wastani huo unamficha nani?" Hata kama hajui jibu, atazoea kuuliza.

Na utakapoitwa kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, nenda naye kama hana shule. Akae karibu na wewe na daftari lake. Zikisomwa namba, aziandike. Asipoelewa, akunong'oneze, nawe uinue mkono umwulizie.

Msafiri wa kisa cha mwanzo hakukosa namba, alipewa iliyo sahihi. Alichokosa ni swali moja tu: "Na mahali palipo na kina kirefu zaidi ni wapi?" Watoto wafundishwe kuuliza swali hilo kabla hawajaingia majini.